Biashara na Pumbao: Mazingatio Kutokana na Khabari za Indonesia

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Masahaba wake, na kila mwenye kuufuata uwongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Surat Al-Jumua, aya ya 11, jambo lililotokea katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina. Siku ya Ijumaa Mtume alikuwa amesimama akikhutubu. Mara ukaingia mjini msafara uliobeba vyakula kutoka Sham, na wafasiri wametaja kwamba ilikuwa desturi kuupokea msafara kwa ngoma. Zilikuwa siku za njaa na ughali. Watu wakainuka wakauendea, wakamwacha Mtume amesimama. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Jabir kwamba hawakubaki msikitini ila watu 12.

Yatupasa tuizingatie aya hii vizuri. Mwenyezi Mungu ameyataja mambo mawili kwa pamoja, biashara na pumbao, wala hakulitenga moja na jingine. Msafara ule haukuja Madina kubishana na Mtume wala kuipinga dini. Ulikuja kuuza nafaka tu, na ngoma ikawa ndiyo mwito wa soko. Walakini kwa kitambo kile msikiti ulikuwa mtupu. Basi pumbao lina nguvu ambayo hoja haina, na nyuma ya pumbao aghlabu yuko mwenye bidhaa yake. Mwenye kulifahamu hili amefahamu nusu ya mambo tunayotaka kuyaeleza leo. Nusu ya pili tutaitafuta katika khabari za ndugu zetu wa Indonesia.

Huenda msomaji akauliza: tuna nini na Indonesia, nchi iliyoko ng'ambo ya pili ya bahari? Jawabu ni kwamba nchi ile, yenye visiwa zaidi ya 17,000, ina Waislamu zaidi ya milioni 200, na hapana nchi nyingi zilizo na Waislamu kiasi hicho. Wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi. Uislamu uliwafikia kwa majahazi ya wafanya biashara kama ulivyotufikia sisi, na Mahadhrami waliotia nanga Lamu na Mombasa ndio ndugu za waliotia nanga Java. Maulidi ya Simtu al-Durar, aliyoitunga Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, husomwa Lamu katika Msikiti wa Riyadha, na husomwa vilevile Solo katika kisiwa cha Java. Hata gambusi waliyoijua wazee wetu, wao nao wanayo, na jina lake huko ni gambus. Wao basi ni kioo chetu. Na katika jambo hili la nyimbo, michezo na picha za sinema, wao wametutangulia kwa miaka mingi, wakajaribu njia zote. Mwenye akili huwaidhika kwa mwenziwe.

Njia ya kwanza waliyoijaribu ni ya kukataza kwa nguvu za Serikali. Rais wao wa kwanza, Sukarno, alianza mwaka 1959 kuzilaumu hadharani nyimbo za Kimagharibi, akiona kuwa zawaharibu vijana na kuwatia utumwani baada ya uhuru. Katika mwaka 1965 vijana ndugu waliojulikana kwa jina la Koes Bersaudara walikamatwa kwa kupiga muziki wa namna ya Beatles, wakafungwa jela kiasi cha miezi 3. Je, kulipatikana nini? Baada ya muda mfupi utawala ukageuka, akaja Suharto, na mlango uliokuwa umefungwa kwa komeo ukafunguliwa kwa pande zake zote mbili. Nyimbo zile zikamiminika. Na wale vijana, waliobadili jina lao wakawa Koes Plus, wakapata sifa kubwa kuliko waliyokuwa nayo kabla ya kufungwa. Sababu si ngumu kuifahamu. Kijana alikatazwa chakula, asipewe kingine mahali pake. Akabaki na njaa yake akingoja mlinzi aondoke.

Njia ya pili ilikuwa ya watu walioingia wenyewe katika uwanja ule. Mwaka 1962, mwaka ule ule Serikali yao ilipofungua televisheni, chama kikubwa cha maulamaa wa huko, Nahdlatul Ulama, kilianzisha baraza lake la mambo ya utamaduni, na katika viongozi wake akawa Usmar Ismail, ambaye filamu yake ya mwaka 1950 Waindonesia wanaihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa sinema yao ya kitaifa. Mwaka 1975, katika mji wa Semarang, wanafunzi wa kike 9 wa darasa la kusoma Qur'ani wakafanya kikundi cha kasida kilichoitwa Nasida Ria, wakiimba na kupiga vyombo wenyewe, hali wamejisitiri. Kikundi hicho kimeendelea miaka na miaka, hata mwaka 2022 kikaalikwa Kassel, Ujerumani.

Lakini aliyewapita wote kwa umaarufu ni Rhoma Irama, aliyezaliwa mwaka 1946 huko Java ya Magharibi. Yeye alilichukua dangdut, muziki uliopewa jina kwa mlio wa ngoma yake, wenye mchanganyiko wa Kimalay, wa filamu za Kihindi na wa magitaa ya Kizungu. Wenye elimu za kisasa walikuwa wakiudharau, wakiuita muziki wa mafukara. Rhoma akaufanya kuwa mimbari. Aliwaimbia vijana waache ulevi, waache kamari, washike sala, na bendi yake Soneta akaipa lakabu ya sauti ya Waislamu. Alipokiunga mkono chama cha Waislamu katika uchaguzi wa mwaka 1977, televisheni ya Serikali ilimfungia mlango kwa muda wa miaka 11. Haikufaa kitu. Kanda zake na filamu zake zilifika kila kijiji, na watu wasiokaa katika darsa yoyote wakasikia kwake neno la dini.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo penye mazingatio makubwa. Mtu akiishia hapo atasema: basi na tupige ngoma, kwani ngoma imefanya kazi ya khutba. Lakini kisa hakikuishia hapo.

Mwaka 2003 alitokea mwimbaji wa kike kutoka Java ya Mashariki, jina lake Inul Daratista. Muziki wake ulikuwa ni dangdut ule ule, lakini uchezaji wake wa kiuno ukapewa jina la keekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Sahani za video zake, zilizonakiliwa bila idhini na kuuzwa vichochoroni, zikaenea nchi nzima. Rhoma Irama akamlaumu vikali hadharani, na baadhi ya maulamaa wakamlaumu. Kila walipomlaumu, vituo vya televisheni vikazidi kumwita, kwa sababu lawama zenyewe zilikuwa ni tangazo. Ugomvi ukafika mpaka bungeni, na mwaka 2008 ikapitishwa Sheria Nambari 44 ya kuzuia picha na michezo ya uchafu, baada ya mabishano makali baina ya Waindonesia wenyewe.

Tazameni basi. Ngoma ni ile ile. Jana ilikuwa ikikataza maovu, leo imeshikwa na mwingine. Mtu akiweka shamba lake wakfu, huandika sharti, na sharti la mweka wakfu hufuatwa hata baada ya kufa kwake. Ama ngoma haiwekwi wakfu. Haikumbuki aliyeitangulia kuipiga wala nia yake. Humtii aliyenayo mkononi na anayemlipa. Mwenye kudhani kwamba amelimiliki pumbao kwa ajili ya dini, na ajiulize litakuwa la nani siku atakayokuwa hayupo.

Khatari ya tatu ni kubwa zaidi, kwa kuwa imevaa kilemba. Kuanzia mwaka 1989 Indonesia ilianza kuwa na vituo vya televisheni vya watu binafsi, vinavyoishi kwa matangazo ya biashara. Baada ya Suharto kuondoka madarakani mwezi Mei 1998 vituo vikazidi, navyo viligundua jambo ambalo msafara wa Madina haukulijua: kwamba dini yenyewe yauzika. Mwezi wa Ramadhani ukawa ndio msimu wa soko. Mchana watu wafunga, na saa za futari na daku michezo na vichekesho vyamiminika, na baina yake matangazo ya sabuni na vinywaji.

Hatusemi kwamba yote yaliyoonyeshwa yalikuwa mabaya. Lakini mwaka 2005 ulipata umaarufu mkubwa mfululizo wa michezo ulioitwa Rahasia Ilahi, maana yake Siri ya Mungu, uliochukuliwa katika visa vya gazeti moja la dini. Humo walionyeshwa watu waovu wakifa vifo vya ajabu, na maiti zao zikipatwa na mambo ya kutisha mbele ya macho ya watu. Vituo vingine vikaiga, kwa kuwa watazamaji walikuwa wengi. Nasi twauliza: ni nani aliyempa mtunga michezo khabari za makaburini? Adhabu ya kaburi ni katika mambo ya ghaibu, twayaamini kwa yaliyothibiti kwa Mtume (S.A.W.), wala hatuyazidishi kwa kutaka kuuza. Mtu aliyeogopeshwa kwa uwongo, siku atakayoujua uwongo ule ataukataa na ukweli pamoja nao. Na soko la vitisho halikufungwa: mwaka 2022 filamu ya KKN di Desa Penari, yenye khabari za mizimu ya kijijini, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 9. Kiu ya khurafa ni ile ile, ikiwa na kilemba au bila kilemba.

Na mfano mwingine ni wa mhubiri Abdullah Gymnastiar wa Bandung, aliyekuwa akitazamwa na mamilioni katika televisheni, na wanawake wengi wakimpenda kwa mawaidha yake ya nyumba na ndoa. Mwishoni mwa mwaka 2006 ilipojulikana kwamba ameoa mke wa pili, watu wakamwacha makundi kwa makundi, na biashara zilizosimama juu ya jina lake zikatetereka. Hapa hatuingii katika masala ya kuoa wake wawili, wala hatumhukumu mtu kwa mambo ya nyumba yake. Tunalotaka lionekane ni hili: katika darsa, mwanafunzi humwendea sheikh ili anyoshwe. Katika televisheni, mhubiri humwendea mtazamaji ili apendeze. Mtazamaji amekuwa imamu, na aliyeko mimbarini amekuwa maamuma. Imamu huyo mpya haulizi ushahidi wa aya wala hadithi. Akichukizwa hubonyeza kidude akahamia kituo kingine.

Ndugu zangu, baada ya kueleza hayo, ni dhulma kuficha kheri iliyopatikana. Mwaka 2008 ilitoka filamu ya Laskar Pelangi, iliyotokana na riwaya ya Andrea Hirata, ikatazamwa na watu zaidi ya milioni 4. Ni kisa cha watoto wa kimasikini katika kisiwa cha Belitung, na skuli yao ya chama cha Muhammadiyah iliyokaribia kufungwa kwa uchache wa wanafunzi, na mwalimu wa kike aliyeng'ang'ania kuwafundisha katika jengo bovu. Hamna humo maiti wala kiuno. Na katika sikukuu ya Idi ya mwaka 2025 ikatoka filamu ya katuni iitwayo Jumbo, khabari za mtoto yatima na rafiki zake, wakaitazama zaidi ya watu milioni 10, wazazi pamoja na watoto wao. Kumbe watu wakipewa kizuri hukipokea.

Lakini ulizeni: Laskar Pelangi ilitoka wapi? Haikuzaliwa katika kiwanda cha filamu. Mwaka 1912 Sheikh Ahmad Dahlan alianzisha Muhammadiyah mjini Yogyakarta, akaanza na watoto wachache na mabenchi. Skuli zikaenea kisiwa kwa kisiwa, mpaka moja ikafika Belitung. Humo mtoto masikini akafundishwa na mwalimu mwenye ikhlasi, na mtoto yule alipokuwa mtu mzima akaandika khabari za mwalimu wake. Kisha ndipo ikaja filamu. Kwanza mwalimu, kisha kitabu, kisha picha. Huo ndio mpango wake. Ama wenye kutaka kuanza kwa picha ili picha iwazalie walimu, wameufunga mkokoteni mbele ya punda.

Hii basi ndiyo nusu ya pili tuliyoahidi. Pumbao huchuma kutoka katika nyoyo kile kilichopandwa humo na wengine. Nyumba na madrasa zikipanda kheri, litachuma kheri. Na zisipopanda kitu, litachuma magugu na kuyauza.

Ama hukumu ya ala za muziki, wanazuoni wamekhitilafiana ndani yake khitilafu ijulikanayo. Wengi wamekataza, na wako walioruhusu kwa masharti. Hatutaki masala hii iwe sababu ya kutukanana misikitini. Lakini hakuna aliyekhitilafu kwamba kumzulia Mwenyezi Mungu uwongo ni haramu, na kufichua uchi ni haramu, na kuliita jambo la zina na ulevi kwa jina la starehe hakulihalalishi, na kila kinachompitisha mtu wakati wa sala ni khasara kwake hata kama ni halali. Vilevile imethibiti kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaacha vijana wa kike wawili waimbe nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abu Bakar alipotaka kuwakataza, na aliwaacha Wahabeshi wacheze na mikuki yao, na Bibi Aisha akiwatazama. Na alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini ajibu kwa mashairi maneno ya maadui. Dini yetu haikuumba watu wa mawe. Imewaachia furaha, ikaipa mipaka na ikaipa kiongozi.

Turudi sasa nyumbani kwetu. Msafara wa leo haungojwi mara moja kwa mwaka. Umo mfukoni mwa kila mtoto, katika simu, ukipiga ngoma usiku na mchana. Baba na mama wameketi barazani wakilalamika kwamba vijana wameharibika, na kijana yuko chumbani na msafara wake. Kulalamika si malezi. Basi twawausia mambo manne.

Kwanza, mzazi na ajue mwanawe atazama nini, na akae naye baada ya Isha walao kitambo kidogo. Mtoto aliyezoea kuzungumza na babake hatamfanya mtu wa kwenye kioo kuwa ndiye babake.

Pili, tumtazame mwalimu wa madrasa. Tujiulize, kila mtu na nafsi yake: usiku mmoja wa harusi tumewapa wapiga muziki kiasi gani, na mwalimu anayemfundisha mtoto wetu Fatiha tumempa nini mwaka mzima? Jawabu ndilo litakalotuambia msikiti wetu u mtupu kwa sababu gani.

Tatu, vijana wenye kipaji cha kutunga, kuandika na kuchora tusiwavunje. Sisi ni watu wa tenzi. Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akimuusia dini na dunia, na hata leo wasomwa. Mama yule hakungoja televisheni wala mfadhili. Kijana wa leo akitaka kuandika hadithi au kutengeneza filamu, na akae kwanza katika darsa mpaka mzani wake utengemae, kisha aende sokoni hali ya kuwa ajua kupima.

Nne, tusiichukue dini kwa kila mwenye sauti nzuri na wafuasi wengi. Tuwaulize wenye ilimu, tutake ushahidi, na tukumbuke kwamba wingi wa watazamaji haujapata kuwa hoja katika Sharia.

Ndugu zangu, wale waliouendea msafara walikuwa ni Masahaba watukufu, na baadhi ya wanazuoni wamesema kwamba siku zile khutba ilikuwa baada ya sala, wakadhani hapana ubaya kutoka. Mwenyezi Mungu hakuwafukuza katika umma. Aliwafundisha kwamba yaliyoko kwake ni bora kuliko pumbao na kuliko biashara, na kwamba Yeye ndiye mbora wa wenye kuruzuku. Wakarejea, wakaacha, na dini ikatufikia sisi kwa mikono yao. Nasi tuwafanyie vijana wetu vivyo hivyo: tusiwafukuze, tuwafundishe. Na wale wachache waliobakia mbele ya mimbari wasione uchache wao kuwa ni udhaifu, kwani siku ile ya Madina walikuwa 12.

Ewe Mwenyezi Mungu, zitengeneze nyumba zetu, wahifadhi watoto wetu, wape walimu wetu subira na riziki ya halali, na utujaalie katika wenye kusikia maneno wakayafuata yaliyo mazuri yake. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.